Ajali Isiyoandikwa



Mimi ni mtu wa reli, lakini nakaa Kiamaiko, na kila asubuhi napita penye maghorofa yanayojengwa. Vibarua wapanda na karai za zege juu ya miti iliyofungwa kwa kamba, ubao mmoja chini ya miguu, wala hapana kizuizi ubavuni.

Jirani yangu alianguka kutoka ghorofa ya tatu, akavunjika nyonga. Msimamizi alimpa nauli ya hospitali, akachukua kibarua mwingine langoni saa ile ile. Jirani alipouliza haki yake alijibiwa, "Wewe ni wa kutwa, hatukukuandika."

Jibu hilo halifai. Sheria ya fidia ya kuumia kazini ya 2007 yamtaka mwajiri awakatie watu wake bima, alipie matibabu, na aipashe Serikali habari katika siku 7 tangu kuarifiwa. Aliyelemaa kabisa asiweze kazi tena hukadiriwa mshahara wa miezi 96. Lakini dai lipelekwe kabla ya miezi 12. Jirani yangu alinyamaza miezi minane, akiogopa kunyimwa kazi!

Reli imenifundisha jambo moja: ajali isiyoandikwa huhesabiwa haikutokea. Basi mwenzako akianguka, andikeni siku hiyo hiyo tarehe, mahali, mwenye kazi na mashahidi. Mwajiri aarifiwe, na chama pia.

Mtasema, anayedai hufukuzwa. Kweli, mmoja hufukuzwa. Lakini wote wakikataa kupanda ubao mmoja, nani atapandisha zege?