Tuonje insongo kama wenzetu wanavyoonja Prosecco

Katika kila harusi ninayoalikwa hapa Gitega kuna dakika moja ambayo watu wote hutega masikio. Ni pale kizibo kinapofyatuka, povu likamwagikia kitambaa cha meza na akina mama wakapiga vigelegele. "Shampeni!" hutangaza mshereheshaji. Mara nyingi si shampeni. Soma karatasi iliyobandikwa kwenye chupa, utakuta mvinyo huo umetoka Italia, ilhali shampeni ya kweli hutoka eneo la Champagne huko Ufaransa.

Sisemi haya kwa kujidai. Mimi mwenyewe nilidhani mvinyo wote wenye mapovu ni mmoja, hadi shemeji yangu anayeishi Ulaya alipokuja likizo na chupa tatu za Kiitalia, akaniambia nionje moja baada ya nyingine, polepole. Ya kwanza, Prosecco, ilikuwa nyepesi, ikinukia tufaha bichi. Ya pili, Franciacorta, haikuwa na utamu. Mapovu yake yalikuwa madogo madogo yasiyokwisha, na harufu yake kama ya mkate uliotoka kwenye tanuri. Ya tatu, Asti, ilikuwa tamu na yenye kileo kidogo, kama asilimia 7 hivi. Shangazi yangu akaishika hiyo na hakuiachia.

Tofauti hizo zina sababu. Prosecco kwa kawaida huchachuka mara ya pili ndani ya tangi kubwa lililofungwa, njia ambayo Mwitalia Federico Martinotti aliisajili mwaka 1895. Franciacorta huchachukia ndani ya chupa ile ile utakayoinunua, na hukaa na mashapo ya hamira kwa muda usiopungua miezi 18. Asti husimamishwa mapema, sukari ya zabibu ikiwa bado imo. Ndiyo maana hata bei hazilingani.

Lakini kilichonigusa zaidi ni habari ya jina. Hadi mwaka 2009 Prosecco lilikuwa pia jina la zabibu yenyewe, na mtu wa nchi nyingine angeweza kuipanda na kuliandika jina hilo kwenye chupa yake. Mwaka huo Waitalia wakaanza kuiita zabibu hiyo Glera, na Prosecco likawekwa kuwa jina la eneo lao la kaskazini mashariki. Mkulima wa huko akapata kinga.

Sasa turudi kwenye harusi yetu. Nyuma ya hema kuna madumu ya plastiki yenye pombe ya ndizi. Ipi? Hakuna anayeuliza. Wazee wetu walijua kutofautisha. Ndizi huivishwa shimoni siku kadhaa, hukamuliwa kwa majani makavu, kisha hutiwa unga wa mtama ili zichachuke. Ukitia maji mengi unapata urwarwa, kinywaji chepesi cha kukata kiu. Usipotia maji, au ukitia kidogo tu, unapata insongo, nzito na kali, inayostahili bei yake. Nayo ina mapovu, bila tangi wala kizibo.

Mwezi uliopita nilinunua dumu nililoambiwa ni insongo safi. Ilikuwa maji na sukari, ndizi ikipita kwa mbali kama mgeni asiyetaka kukaa. Nilimlipa muuzaji faranga sawa na ambazo angelipwa mama aliyekesha akikamua. Huyo mama ndiye anayeibiwa, kuliko hata mimi.

Najua majirani zangu wengi hapa Yoba ni Waislamu, na kileo kwao ni haramu. Siwaiti kwenye kuonja pombe. Lakini hata umutobe, yaani maji matamu ya ndizi kabla hayajachachuka, siku hizi unachakachuliwa, na huo tunaunywa sote.

Yuko atakayesema kwamba kuonja na kulinganisha ni mambo ya wazungu, na kwamba pombe inayonyweka kwa mrija mtungini haihitaji majaji. Mbona kwa kahawa tulikubali? Tangu mwaka 2012 kahawa ya Burundi imeshindanishwa katika Cup of Excellence: waonjaji wanafyonza kwa kijiko, wanatema, wanaandika alama, na mfuko ulioshinda unauzwa kwa bei ambayo sokoni haipatikani. Ndizi imekosa nini? Tena tangu 2010, mnyauko wa bakteria ulipogunduliwa nchini, mkulima anatakiwa kung'oa migomba yake na kupanda machipukizi safi. Ni kazi ngumu. Ataifanyaje kwa bei ya maji ya sukari?

Ofisi ya viwango, BBN, ingeweza kuanza kwa jambo dogo: dumu lisiitwe insongo bila kuandikwa aliyekamua, kilima alichotoka, siku ya kukamua na kiasi cha maji. Vyama vya wakulima vya Gitega na Muyinga navyo vikutane mara moja kwa mwaka, vionjeshane.

Shemeji anarudi Desemba. Nimemwahidi insongo tatu, kila moja na jina la kilima chake. Mbili nimeshapata. Ya tatu ni ya Muyinga, na muuzaji nimempigia mara mbili kumuuliza ametia maji kiasi gani. Mara zote mbili simu imekatika.