Sisi si Nyasi

Ndugu msomaji, wazee wetu walisema: Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Methali hii ni ya kweli. Lakini watu wengine huitumia vibaya. Wakisikia habari za ugomvi wa mataifa makubwa, husema, "Sisi ni nyasi tu. Tutafanya nini?" Mimi sikubaliani nao. Nyasi hazina mdomo wa kusema hapana. Mtu anao. Nitaeleza kwa kutumia mfano ulio jirani na sisi watu wa Kitandililo, yaani reli inayopita Makambako.

Kwanza tuufahamu ugomvi wenyewe. Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilikwisha mwaka 1945. Baada ya vita hiyo, mataifa mawili yalikuwa na nguvu kuliko mengine yote. Moja lilikuwa Marekani. La pili lilikuwa Muungano wa Kisovieti, ambao watu wengi waliuita Urusi. Marekani ilifuata ubepari. Huko viwanda, mabenki na mashamba makubwa ni mali ya watu binafsi na makampuni. Urusi ilifuata ukomunisti. Huko vitu hivyo vilikuwa mali ya dola. Kila taifa lilitaka dunia nzima ifuate njia yake.

Mataifa haya yote mawili yalikuwa na mabomu ya nyuklia. Kila moja lilijua kwamba likimpiga mwenzake, nalo litaangamia. Kwa hiyo hayakupigana yenyewe kwa yenyewe. Yaligombana katika nchi za watu wengine. Yalitoa bunduki, fedha na walimu wa vita. Wenye nchi walitoa watoto wao. Ugomvi huu uliitwa Vita Baridi. Ulikwisha mwaka 1991, Muungano wa Kisovieti ulipovunjika.

Tuitazame Angola. Nchi hiyo ilipata uhuru kutoka kwa Wareno tarehe 11 Novemba 1975. Lakini vyama vyake vya ukombozi havikupatana. Chama cha MPLA kilisaidiwa na Urusi na Cuba. Chama cha UNITA kilisaidiwa na Makaburu wa Afrika Kusini pamoja na Marekani. Wenyewe kwa wenyewe wakauana. Vita ilisimama, ikaanza tena, ikasimama, ikaanza tena. Ilikwisha mwaka 2002. Fanya hesabu, ndugu msomaji. Muungano wa Kisovieti ulikufa mwaka 1991, lakini Waangola waliendelea kuuana hata miaka 11 baadaye. Wenye ugomvi walikuwa wamekwisha kupatana, na bunduki zao zilikuwa bado mikononi mwa Waangola.

Tuzitazame pia Somalia na Ethiopia. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Urusi ilikuwa rafiki wa Somalia, na Marekani ilikuwa rafiki wa Ethiopia. Mwaka 1974 wanajeshi wa Ethiopia walimpindua Mfalme Haile Selassie. Mwaka 1977 Somalia iliivamia Ethiopia ili kuchukua nchi ya Ogaden. Urusi ikaiacha Somalia, ikahamia Ethiopia pamoja na askari wa Cuba. Baadaye Marekani ikawa rafiki wa Somalia. Je, rafiki wa kweli huhama namna hiyo? Serikali zote mbili, ya Somalia na ya Ethiopia, zilikuwa zikisema kwamba zinafuata ujamaa. Kwa hiyo maneno ya ujamaa na ubepari hayakuwa sababu pekee. Kila mkubwa alikuwa akitafuta bandari, njia na nguvu.

Sasa turudi kwetu. Zambia ilipata uhuru mwaka 1964. Nchi hiyo ina shaba nyingi, lakini haina bahari. Njia yake kubwa ya reli ilipita Rhodesia, nchi ambayo leo inaitwa Zimbabwe. Mwaka 1965 Wazungu wachache wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao wenyewe, ili wawatawale Waafrika walio wengi. Mwalimu Julius Nyerere na Rais Kenneth Kaunda walitaka njia nyingine, ya kufika Dar es Salaam. Waliomba msaada Benki ya Dunia na nchi za Magharibi. Waliambiwa kwamba reli hiyo haitaleta faida.

China ikakubali. Wakati huo China ilikuwa imegombana na Marekani, na ilikuwa imegombana na Urusi pia. Mkataba ulitiwa saini Beijing mwezi Septemba 1967. Fedha zilikuwa mkopo usio na riba. Kazi ilianza mwaka 1970. Reli ilikabidhiwa mwezi Julai 1976. Urefu wake ni kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Sehemu iliyokuwa ngumu kuliko zote ni ile ya milimani, kati ya Mlimba na Makambako. Hapo milima ilitobolewa na mabonde yakawekewa madaraja. Zaidi ya Wachina 60 walikufa katika kazi ya reli hii. Baadhi yao wamezikwa Gongo la Mboto, Dar es Salaam.

Miaka ile ile Marekani ilisaidia kujenga barabara kuu ya lami ya kwenda Zambia. Barabara hiyo nayo inapita Makambako. Basi, ukienda mnadani au hospitali Makambako, tazama vizuri. Utaona reli iliyojengwa na Wachina na barabara iliyosaidiwa na Wamarekani, zote mahali pamoja. Ugomvi ule ule uliopeleka bunduki Angola ndio ulioleta reli na barabara kwetu.

Kwa nini ilikuwa hivyo? Mimi naona sababu tatu.

Ya kwanza ni umoja. Hapakuwa na jeshi la pili nchini ambalo mkubwa angeweza kulinunua. Siwalaumu Waangola. Wareno walikataa kuondoka mpaka wapigwe vita, na walipoondoka waliacha makundi yenye silaha. Lakini nyumba yenye mlango mmoja hulindwa kwa urahisi kuliko nyumba yenye milango mitatu.

Ya pili ni kujua unachotaka. Nyerere na Kaunda hawakungoja kuulizwa, "Mnataka nini?" Walitaka reli. Yule aliyekubali kujenga reli ndiye aliyekaribishwa.

Ya tatu ni kuweza kusema hapana. Mwaka 1965 Ujerumani Magharibi ilikasirika kwa sababu Tanzania iliiruhusu Ujerumani Mashariki kuwa na ofisi Dar es Salaam. Ikaondoa msaada wake wa kijeshi. Mwalimu akaiambia ichukue na misaada yake mingine ya serikali. Tulipata hasara. Lakini kila mkubwa alijua kwamba nchi hii hainunuliwi.

Mtu anaweza kuniuliza: "Mbona wapigania uhuru wa Msumbiji walipata bunduki kutoka China na Urusi, nasi tukawasaidia?" Swali hilo ni zuri. Watu wa Msumbiji walikuwa na ugomvi wao wenyewe, yaani nchi yao ilitawaliwa na Mreno. Hawakutumwa na mtu. Kosa ni kuchukua bunduki ya mgeni ili kumpiga ndugu yako kwa ugomvi wa huyo mgeni.

Mambo haya si ya zamani tu. Miaka hii Marekani na China zinashindana tena, na moja ya vitu zinavyoshindania ni njia ya kusafirisha shaba ya Zambia na Kongo. Marekani inasaidia reli ya kwenda bandari ya Lobito, Angola. China inataka kuifufua reli yetu. Mwezi Septemba 2024, marais wa Tanzania, Zambia na China walishuhudia Beijing kutiwa saini kwa makubaliano juu ya kazi hiyo. Reli ilijengwa iweze kubeba tani milioni 2 kwa mwaka, lakini kwa miaka mingi ilibeba sehemu ndogo tu. Ikifufuka, mahindi na mbolea vinaweza kusafiri kwa bei nafuu. Hilo ni jema.

Lakini tuulize. Deni litalipwa na nani, na kwa miaka mingapi? Je, mabehewa yatachukua na mazao ya mkulima, au shaba peke yake? Je, vijana wetu watafundishwa kazi? Na mshindani wake akija na zawadi yake, tumuulize maswali hayo hayo.

Hata kijijini ni hivyo. Matajiri wawili wakigombana, kila mmoja huwanunulia vijana pombe ili wampige mwenzake. Kijana mwenye akili huuliza, "Nikivunjika mguu, nani atalima shamba langu?" Nchi nayo iulize hivyo hivyo.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini Marekani na Urusi hazikupigana zenyewe kwa zenyewe?
2. Taja sababu tatu alizotoa mwandishi. Ipi ina nguvu zaidi kwa maoni yako?
3. Mgeni akileta msaada kijijini kwetu, mkutano wa kijiji umuulize maswali gani?