Jina la tovuti liwe lako

Ukisikia mtu anauza nafasi ya tovuti "isiyo na mwisho" kwa bei ya soda, shtuka. Diski ya seva inajaa, kama mtumbwi wa usipa hapa Lipingo. Mimi namwamini fundi mdogo anayesema wazi: nafasi yako ni hii, mwaka ujao utalipa hiki, nakala ya akiba chukua ukae nayo. Nakala hasa! Yahoo walipofunga GeoCities ya Marekani, Oktoba 2009, kurasa nyingi za watu zilikwenda na maji.

Na hilo jina la .co.tz lisajiliwe kwako, siyo kwa fundi. Mwenye nyumba ya wageni mmoja huku alipotaka kumhama fundi wake ndipo alipogundua jina si lake. Kibao chenye anwani ile bado kipo mlangoni.