Fremu za Tovuti: Mwenye Duka na Mwenye Bidhaa

Wajenzi wa tovuti wana ugomvi wao wa miaka mingi ambao sisi wasomaji tumezoea kuupita kama ugomvi wa jirani. Ni ugomvi wa fremu. Mafundi wengi watakwambia umekwisha zamani, na fremu zimekufa. Mimi sikubaliani nao, na nitaeleza kwa nini jambo hili lamhusu hasa mtu anayeishi kwa kalamu.

Fremu ni nini? Ni kuukata uso wa kompyuta vipande: juu jina la tovuti, kushoto orodha ya yaliyomo, katikati habari yenyewe. Kila kipande ni faili mbali, na chaweza kuteremshwa peke yake. Ukibonyeza neno katika orodha, kinachobadilika ni kipande cha katikati tu. Mtindo huu ulienezwa na kampuni ya Netscape katika kivinjari chake, Navigator 2.0, mwaka 1996.

Tusiwacheke waliouvumbua. Siku hizo modemu ilikuwa ikijikokota kwenye waya wa simu, na kila dakika ina bei yake. Orodha ikiletwa mara moja, haina haja ya kuletwa tena. Tena mwenye tovuti ya kurasa hamsini alikuwa akitaka kuongeza neno moja katika orodha, hurekebisha faili moja badala ya hamsini. Hiyo ni akiba ya kweli, ya fedha na ya jasho.

Wala hamu ya kuona mambo mawili kwa pamoja si ya kizungu peke yake. Sisi tuliopitia vyuoni twavijua vitabu vile vya Kiarabu vyenye matini katikati na hashiya ikiyazunguka pembezoni. Mwanafunzi husoma matini, kisha jicho likaruka pembeni kutafuta sharhi. Lakini pana tofauti kubwa. Katika kitabu, matini na hashiya zimefungwa katika ukurasa mmoja wenye nambari moja, na ukimwambia mwenzio afungue ukurasa wa arubaini, ataona ulichokiona. Katika fremu kila kipande chashika njia yake, na anwani iliyoandikwa juu haibadiliki. Umefika ndani kabisa mwa tovuti, umesoma jambo zuri, wampelekea rafiki yako anwani. Yeye akifungua ajikuta mlangoni, na hajui ulikuwa chumba gani.

Kinyume chake ni kibaya zaidi. Mitambo ya kutafutia humleta msomaji moja kwa moja kwenye kipande cha katikati, bila orodha, bila jina la tovuti, na pengine bila jina la mwandishi, kwani jina lilikuwa limewekwa katika kipande cha juu. Shairi lageuka yatima. Ongeza taabu ya asiyeona, anayesomewa na mashine, ambaye hulazimika kuambiwa habari za vipande asivyovihitaji kabla ya kufikia anachokitaka. Na taabu yetu sote wa simu za mkononi, maana kioo cha upana wa kiganja ukikikata vipande vitatu chabaki nini?

Jakob Nielsen, mtaalamu kutoka Denmark, aliyaandika mengi ya haya mwezi wa Disemba 1996, wakati fremu bado ni fasheni mpya. Hata hivyo lugha ya HTML 4.0 ilizikubali rasmi mwaka 1997, na ni HTML5, mwaka 2014, iliyozitangaza kuwa zimepitwa na wakati.

Basi zimekufa? Ile seti ya fremu imekufa. Ndugu yake, fremu ya kupachikwa ndani ya ukurasa, yu hai na anazidi kunenepa. Video ya YouTube unayoiona ndani ya gazeti imo katika fremu. Ramani ni hivyo hivyo, na matangazo mengi kadhalika. Manufaa yake siyakatai: katika malipo, mathalan, nambari ya kadi huandikwa ndani ya fremu ya kampuni ya malipo, na mwenye duka haioni.

Ndugu zetu wa Dar es Salaam wakisema mtu amekodi fremu, wana maana amekodi chumba cha duka. Neno hilo lafaa sana hapa. Swali ni hili: mwenye jengo akiiweka bidhaa ya mwenziwe dirishani mwake, chini ya kibao chake mwenyewe, amemtangazia au amemwibia?

Mwaka 1997 Washington Post, CNN, Reuters na wenzao waliishitaki Total News huko New York kwa sababu ilizionyesha habari zao ndani ya fremu zake, na matangazo yake pembeni. Waliafikiana mwaka huo huo, na Total News ikakubali kuacha, lakini mahakama haikutoa hukumu ya kutuongoza. Mahakama ya Ulaya, mwaka 2014, iliona kwamba kupachika kitu ambacho mwenyewe amekiweka wazi kwa wote hakuvunji haki yake. Mwaka 2021 ikaongeza sharti: ikiwa mwenyewe ameweka kizuizi cha kiufundi, anayekiruka lazima aombe ruhusa.

Hapo ndipo penye uzito. Hukumu hiyo yamtwika mtunzi kazi ya kufunga mlango. Nasi huku Kenya tuna sheria ya hakimiliki ya 2001, na marekebisho ya 2019 yameweka njia ya kudai kazi iliyoibwa iondolewe mtandaoni. Lakini fremu hainakili kitu: shairi lingali katika tovuti yake ya asili, linatazamwa tu kupitia dirisha la mtu mwingine. Utadai kiondolewe nini?

Kufuli lipo. Tangu mwaka 2009, kivinjari cha Internet Explorer 8 kilipotoka, tovuti yaweza kutoa amri kwamba kurasa zake zisionyeshwe ndani ya fremu za wengine. Shabaha ilikuwa kuwazuia matapeli wanaotandaza fremu isiyoonekana juu ya kitufe, ukadhani wabonyeza hiki kumbe wabonyeza kile. Hata hivyo laweza kumlinda mtunzi pia. Amri yenyewe ni mstari mmoja, na fundi huuandika kwa dakika chache. Ila huandikwa katika mtambo unaohifadhi tovuti, na ufunguo wa mtambo huo anao gazeti au chama kilichoyachapisha mashairi. Mtunzi hana.