Sindano, mayai na kichwa cha bi harusi

Juzi bi harusi mmoja alikuja kujaribu shela lake, akatwambia kozi ya ushoni anaiacha. Kwao wanasema kichwa cha mwanamke akishaolewa hakiingii kitu tena. Hatukunyamaza, ijapokuwa ni mteja.

Tulimpa habari za Rita Levi-Montalcini, Myahudi wa Turin, Italia. Baba yake aliona masomo ya juu yatamharibia kazi ya mke na mama. Mwisho akaridhia, naye akawa daktari. Mwaka 1938 sheria za Mussolini zikawafukuza Mayahudi vyuoni. Basi akafungua maabara chumbani kwake. Visu vyake vilikuwa sindano za kushonea alizozinoa (hapo sisi mafundi tulicheka kwa raha), akichunguza vifaranga ndani ya mayai. Akaona kiungo kikikatwa, seli za fahamu zilizokuwa zikikiendea huota kidogo kisha hufa. Kuna kitu zinakikosa.

Kitu hicho alikipata Marekani miaka ya 1950: protini inayozifanya seli hizo ziishi na ziote. Yeye na mwenzake Stanley Cohen walipewa Nobel mwaka 1986. Kabla ya hapo, mwaka 1982, wataalamu wengine walikuta protini ya jamii hiyo kwenye ubongo wenyewe, iitwayo BDNF. Hii haifanyi kazi tumboni mwa mama tu. Mtu mzima anapojifunza jambo jipya, husaidia seli za ubongo kukaza maungio yao, na mazoezi ya mwili huiongeza.

Hatusemi ubongo unatiwa kiraka kama nguo. Mshipa wa fahamu wa kidoleni ukikatika huweza kuota tena. Wa uti wa mgongo ni shida mno. Mwenye kiharusi akimbizwe hospitali, asiuziwe chupa ya "kukuza ubongo" mtandaoni.

Rita hakuolewa, na kwa hilo hatumwigi. Lakini dini yetu imetufaradhishia elimu, wala haikusema mwisho wake siku ya ndoa.

Kozi ya bi harusi wetu imebaki miezi minne. Bwana harusi hajakataa. Anayekataa ni shangazi, na shangazi anakuja Ijumaa kupima dera lake. Tutazungumza naye hapo hapo, futi ikiwa mkononi.