Riba Imeshuka, Mbona Debe la Mahindi Halishuki?

Ndugu msomaji, kama una genge Kahama au duka Nyarugusu, tukuulize swali moja. Mara ya mwisho ulipopandisha bei ya bidhaa zako, ulisikiliza kwanza Benki Kuu imesema nini? Hukusikiliza. Ulimwuliza dereva wa lori aliyetoka Mwanza, ukatazama debe la mahindi limefika wapi, ukapanga bei yako. Hatukulaumu. Lawama hii ina mwenyewe.

Julai 2025 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza kushusha riba yake kutoka asilimia 6 hadi asilimia 5.75. Redio zikasoma, magazeti yakaandika. Gengeni kina mama wakawa wanaulizana kama unga nao utashuka, na lini. Hakuna aliyewajibu. Wiki zilivyopita bila unga kushuka, wakahitimisha kwamba wamepigwa changa la macho. Je, walidanganywa? Hapana. Walisemewa lugha isiyo yao.

Riba ile si ya mkopo wako, ndugu msomaji. Tangu Januari 2024 Benki Kuu imeitumia kuongoza bei ambayo mabenki hukopeshana yenyewe kwa yenyewe. Ilianza na asilimia 5.5, ikapanda hadi 6 Aprili 2024, kisha ndiyo ikaja hii ya 5.75. Mlalahoi akienda benki kukopa, amekuwa akikutana na asilimia 15 hivi kwa mwaka. Mchimbaji wa duara hata huko hafiki. Yeye hukopeshwa na mfadhili anayelisha vijana shimoni, kisha mfadhili huyo anachukua fungu lake la mifuko ya mawe. Nani alimweleza mchimbaji huyu kwamba robo moja ya asilimia iliyopunguzwa huko juu itamfikia kwa njia gani?

Halafu kuna huu wimbo wa mfumuko wa bei. Wakubwa wanasema umedhibitiwa, mwaka 2025 ulikuwa kwenye asilimia 3 na ushee. Ni kweli. Lakini asilimia 3 maana yake ni kwamba kilichouzwa shilingi 10,000 mwaka jana, mwaka huu kinauzwa 10,300. Bei haijashuka hata senti. Imepunguza mwendo wa kupanda, basi. Lori linalopanda mlima polepole halijaanza kurudi bondeni.

Tena hesabu hiyo ni ya kapu la Taifa zima, ambamo chakula ni chini ya theluthi moja. Kwa familia ya kibarua wa karasha, chakula hula zaidi ya nusu ya kipato. Kibarua hanunui friji wala tiketi ya ndege. Ananunua unga, dagaa, mafuta ya kupikia na mkaa, kila siku, kwa vipimo vidogo. Kinachonunuliwa kila siku ndicho kinachokaa kichwani. Unga ukipanda mwezi mmoja, kwake uchumi wote umepanda.

Wazee nao wana kumbukumbu zao. Katikati ya miaka ya 1990 bei zilikuwa zikipanda kwa karibu asilimia 30 kwa mwaka. Ilipofika mwaka 1999 ndipo mfumuko ulipokuwa umeshuka chini ya asilimia 10. Aliyeona akiba yake ikiyeyuka mkononi hawezi kuisahau. Ndiyo sababu babu wa Kishapu anaweka akiba yake kwenye ng'ombe, na kijana wa Mgusu anaiweka kwenye gramu. Huo si ujinga, ni funzo waliloliponea.

Hatari iko hapa. Watu wakiamini bei itapanda, wanaipandisha wenyewe. Mwenye duka anaongeza leo asije akashindwa kununua mzigo kesho. Mwenye mahindi anafunga ghala. Mwenye nyumba anadai kodi ya miezi sita. Mwisho wa mwezi bei imepanda kweli, na kila mmoja anasema alijua. Kwa hiyo neno la Benki Kuu ni chombo cha kazi kama riba yenyewe. Julai 2012 Mario Draghi, mkuu wa Benki Kuu ya Ulaya, alisema jijini London kwamba benki yake itafanya lolote linalohitajika kuinusuru sarafu ya euro. Gharama za madeni ya Italia na Hispania zikaanza kushuka kwa neno tu. Kwa nini? Alieleweka, tena aliaminiwa.

Huku kwetu kulikoni? Oktoba 2024 dola moja ilikuwa karibu shilingi 2,700. Mwishoni mwa Desemba ikawa karibu 2,400. Chukua mfano wa gramu inayouzwa dola 80: kwa bei ya kwanza ni shilingi 216,000, kwa bei ya pili ni 192,000. Shilingi 24,000 zimepotea kwenye kila gramu! Machimboni lawama zote zikamwangukia dalali. Madalali wana madhambi yao, lakini safari hii ilikuwa ni shilingi kupata nguvu, jambo linalosaidia pia kupunguza gharama ya dizeli. Mchimbaji aliona hasara tu, maana hakuna aliyemwonyesha upande wa pili. Na Benki Kuu hiyo hiyo ni mnunuzi wa dhahabu ya nchi hii!

Wasituambie kwamba haiwezekani. Noti za zamani zilipoondolewa, tangazo lilikuwa jepesi: noti zipi, kuanzia Januari 6 hadi Aprili 5, 2025, uzipeleke benki. Hata vikongwe wasiojua kusoma walifungua masanduku yao. Benki Kuu ikitaka kueleweka, inaeleweka.

Tunataka nini basi? Kamati ya Sera ya Fedha hukutana kila baada ya miezi mitatu. Taarifa zake hutoka hata kwa Kiswahili, hilo tunakiri, lakini ni Kiswahili cha "ukwasi" na "mizania". Kila kikao kikiisha, ofisa mmoja atoke tawi la Mwanza aje mnadani Mhunze na soko la madini Geita. Azungumze redioni kwa Kisukuma pia. Aseme kwa debe, kwa lita ya dizeli, kwa gramu. Makadirio yakikosea, akiri yamekosea na aeleze kwa nini.

Mwananchi asiyeambiwa hukisia. Na makisio ya mwenye njaa siku zote ni kwamba bei itapanda.