Chuma ni chuma? Acheni hizo!

Leo nina ugomvi.

Juzi tulipita kwenye jengo linalojengwa jirani na hosteli. Nondo zilizochomoza kwenye msingi zilikuwa zimelazwa ili toroli lipite, sasa vijana wanazinyoosha kwa bomba. Mshkaji wangu, tena anasoma fizikia na mimi, akasema: "Si zimenyooka? Chuma ni chuma." Hivi jamani, Hooke tulimkariri kwa ajili ya mtihani tu? Na huyu mwakani anaingia darasani kufundisha!

Ukikunja nondo, upande wa nje unavutwa, wa ndani unabanwa. Fanyeni hesabu wenyewe. Nondo ya mm 12 ikizungushwa kwenye pini ya mm 48 (mara nne ya nondo, ndicho kipimo cha chini cha viwango vya Ulaya kwa nondo hadi mm 16), ngozi ya nje inavutika kama asilimia 20. Ukiikunja kwenye kipande cha nondo ya mm 12, inafika asilimia 50! Ufa unaanzia chini ya yale matuta, na kwa macho huuoni kirahisi.

Halafu eti unainyoosha. Pale kwenye mkunjo chuma kilishakuwa kigumu, hakivumilii tena. Ndiyo maana nyingine inakatika tak! Hiyo ni bahati. Mbaya ni ile isiyokatika, inafunikwa zege, na juu yake zinapangwa dabo deka tulale sisi.

Wajanja wengine wanapasha kwa gesi mpaka iwe nyekundu. Nondo nyingi za siku hizi zinapozwa ghafla kwa maji kiwandani ili gamba la nje liwe gumu. Ukiipasha hivyo, nguvu uliyoinunua umeifuta.

Msiniambie fundi hajasoma. Fundi wa viti vya bomba anajaza mchanga kabla ya kukunja ili bomba lisibonyee, na hakusubiri digrii kulijua hilo. Wa kulaumiwa ni anayemharakisha. Pini ya mm 48 haimfilisi mtu, na toroli lingeweza kuzunguka.

Mshkaji, ukija kubisha njoo na karatasi ya hesabu. Na safari hii chai kantini unalipa wewe.